Nawafundisha Watoto Yale Ambayo Sina Hakika Nayo Tena

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkazi wa Tabata hapa Dar es Salaam, nimeolewa na nina watoto wawili. Nimelelewa katika familia ya Kilutheri huko Bumbuli, Usambara, ambako marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti, na tangu nilipokuja mjini kwa ajili ya kazi sijawahi kukaa nje ya kanisa. Mume wangu ni mzee wa kanisa katika usharika wetu, na mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, kazi ambayo nimeipenda kuliko hata ile inayonipa mshahara. Nakueleza haya ili usije ukadhani kwamba anayekuandikia ni mtu aliyeingia kanisani juzi na sasa anatafuta sababu ya kutoka.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa akiishi kwetu na kuendesha bajaji, aliugua mwanzoni mwa mwaka jana. Ilianza kwa kuvimba miguu, tukadhani ni kwa sababu ya kukaa kwenye bajaji kutwa nzima, hadi hospitali walipotuambia kwamba ana shinikizo la damu la siku nyingi ambalo hakulijua, na kwamba figo zote mbili zimeshaharibika. Akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ndugu walichangishana kwenye kundi la ukoo, mume wangu akauza kiwanja chetu cha Chanika, na wanajumuiya wenzetu walitusaidia kwa namna ambayo sitaisahau: walikuja kuomba, walileta chakula, walipeana zamu za kumsindikiza hospitali alfajiri. Nataka hilo liwepo katika barua hii kabla ya hayo yanayofuata.

Miezi ya mwisho, baadhi yao walimleta mtumishi mmoja kutoka huduma nyingine, akaongoza maombi ya kufunga hapo nyumbani. Siku ya kuhitimisha alitangaza kwamba ameoneshwa figo mpya, na kwamba kuanzia saa ile tusiukiri tena ugonjwa. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaanza vipimo ili, nikionekana ninafaa, nimtolee mdogo wangu figo yangu moja. Nikauliza, bila ubishi wowote, kama niendelee na vipimo hivyo, na kama kesho yake aende hospitali kama kawaida. Watu wote wakanyamaza. Mtumishi akasema yupo mtu ndani ya nyumba hii anayezuia muujiza kwa shaka yake, akafungua Waraka wa Yakobo, akasoma kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari, na kwamba mtu kama yule asidhani ya kuwa atapokea kitu kwa Bwana. Hakunitaja jina. Hakuwa na haja.

Mdogo wangu hakuacha matibabu, lakini vipimo vyangu havikuwahi kukamilika. Alifariki mwezi wa Desemba akiwa na miaka 29, tukamsafirisha kwenda kumzika Bumbuli. Tangu hapo hakuna aliyenilaumu usoni. Ila jumuiya yetu ina daftari la maombi ambalo huzunguka nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ilipofika nikalifungua. Majina ya waliopona na waliopata kazi yamekatwa mstari, na pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu "amejibiwa". Jina la mdogo wangu limekatwa kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, na pembeni hapana kitu.

Mshauri, ile shaka niliyosingiziwa sasa ninayo kweli. Usiku nikikosa usingizi nasoma kwenye simu. Nimegundua kwamba Injili nne hazitaji wanawake wale wale waliokwenda kaburini, na kwamba sehemu ya mwisho ya Injili ya Marko haimo katika baadhi ya nakala za kale zaidi. Nimekaa kanisani maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia. Jumapili tukisimama kuikiri Imani ya Mitume, nikifika "siku ya tatu akafufuka" sauti inakata, nachezesha midomo tu. Kwenye Chakula cha Bwana nakwenda kwa sababu nisipokwenda mume wangu atauliza.

Majuzi nilikuwa nafundisha habari za Lazaro. Binti mmoja wa miaka kama saba, anayekaa benchi la mbele na kuning'iniza miguu kwa kuwa haifiki sakafuni, akaniuliza, "Mwalimu, Lazaro alikufa tena?" Nikasema tutaangalia wiki ijayo, nikawaimbisha wimbo. Nilijiona tapeli.

Desemba hii familia imepanga ibada ya shukrani ya kutimiza mwaka mmoja, na mama yangu ameshasema kwamba mimi ndiye nitakayetoa ushuhuda wa uaminifu wa Mungu katika kipindi chote cha ugonjwa. Naogopa siku hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Naomba unishauri: je, niache kufundisha watoto? Je, nimwambie mume wangu, nikijua kwamba yeye ni kiongozi na jambo hili litamwaibisha? Na siku ya ibada nisimame niseme nini?

Mwalimu wa Jumapili, Tabata.

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mdogo wako, na pole kwa muda wote huu uliolibeba jambo hili peke yako, huku ukiwa umezungukwa na watu wanaokupenda ambao umeshindwa kuwaambia.

Umeniuliza mambo matatu: kufundisha au kuacha, kumwambia mume wako au kunyamaza, na la kusema siku ya ibada. Yote nitayagusa. Lakini nikiisoma barua yako naona lipo swali la nne ambalo hukuliandika, nalo ndilo ningependa tuanze nalo, kwa sababu nadhani ndilo linaloyavuruga hayo mengine. Nahisi unajiuliza kama ni wewe uliyesababisha mdogo wako asipone. Kama nimekuelewa vibaya utaniwia radhi, ila mtu aliyeandika "hakunitaja jina, hakuwa na haja" ni mtu ambaye hukumu ile ilimpata, hata kama akili yake iliikataa siku ile ile.

Chukua Waraka wa Yakobo uusome mwenyewe, taratibu, kuanzia mstari wa 5 wa sura ya kwanza, yaani mstari mmoja tu kabla ya pale mlipoanza kusomewa. Kinachoombwa pale ni hekima: mtu akipungukiwa na hekima na aombe kwa Mungu, na aombe pasipo shaka. Ugonjwa hautajwi. Habari za mgonjwa zinakuja katika sura ya 5, na hapo Yakobo anaagiza wazee wa kanisa waitwe, wamwombee na kumpaka mafuta; hasemi popote kwamba wakifika waanze kutafuta ni nani humo ndani mwenye shaka. Tena katikati ya waraka huo huo, sura ya 2, anauliza yafaa nini kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," pasipo kumpa mahitaji ya mwili. Sebuleni kwenu siku ile, mtu aliyekuwa tayari kutoa sehemu ya mwili wake kwa ajili ya ndugu yake alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyeambiwa hana imani. Sijui mtumishi yule alikuwa na nia gani, na huenda ilikuwa njema. Lakini matumizi yake ya Yakobo hayawezi kusimama mbele ya Yakobo mwenyewe.

Wala hayasimami mbele ya Injili. Katika Marko 9 yupo baba aliyesema wazi, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe aliponywa siku hiyo hiyo. Martha, katika habari ile ile unayowafundisha watoto, alisimama mlangoni pa kaburi akapinga jiwe lisiondolewe kwa kuwa maiti ilikuwa na siku nne na inanuka. Jiwe liliondolewa, na nduguye akatoka. Kwa upande mwingine, Paulo, ambaye hakuna anayeweza kumshtaki kwa uchache wa imani, anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo alimwacha huko Mileto, hawezi. Kupona hakuuzwi kwa kipimo cha imani ya wenye nyumba, kama sukari kwa Mangi, kwamba ukipungukiwa na shilingi mia unarudi mikono mitupu.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, naomba niseme machache kwa sababu hatia hupenda kukaa mahali pasipo na maelezo. Shinikizo la damu ni mojawapo ya sababu kubwa za figo kushindwa kufanya kazi, na laweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili yoyote. Mashine ya kusafisha damu hushika sehemu tu ya kazi za figo, haiziponyi. Upandikizaji wa figo umeanza kufanyika hapa nchini mwaka 2017, pale Muhimbili, na vipimo vya ndugu anayetaka kutoa huchukua muda kwa sababu madaktari wanapaswa kujiridhisha na usalama wa maisha yake naye pia. Ulikuwa unakimbizana na ugonjwa uliokuwa umeanza safari zamani kabla hujaujua. Sisemi haya ili kumwondolea Mungu lawama. Ukitaka kumwuliza kwa nini, mwulize; Zaburi zimejaa watu waliomwuliza, na ya 88 inamalizika gizani bila kujibiwa, ikaachwa hivyo hivyo katika Biblia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningekuwa nakukosea kama ningeliruka. Ingekuwa rahisi kwangu kukuambia kwamba kumbe imani unayo, uliionesha kwa kujitolea figo, basi futa machozi uendelee. Lakini wewe umeandika kwamba shaka uliyosingiziwa sasa unayo kweli, na mimi nakuamini. Kwa hiyo naomba uvitenge vitu viwili. Kuna shtaka ulilobebeshwa, ambalo kwa maoni yangu ni la uongo na unaweza kulitua bila kusubiri kumaliza maswali yako yote. Na kuna shaka yenyewe, ambayo ni ya kwako, haina aibu, na inastahili kupewa muda wake pasipo kuadhibiwa kwa ajili ya lile shtaka. Nadhani hivi viwili vimeshikana ndani yako kiasi kwamba kila ukijiuliza swali la kweli kuhusu Mungu unasikia sauti ya yule mtumishi ikikuambia, "Unaona? Nilijua."

Hata hiyo shaka yenyewe, jaribu kuitazama ina nini ndani yake. Nikuulize: kama mdogo wako angepona, je, majina ya wanawake waliokwenda kaburini yangekunyima usingizi? Huenda ungejibu ndiyo, kwa kuwa wapo watu ambao maswali ya namna hii huwashika wakiwa wazima na wenye furaha. Huenda ungejibu hapana. Ukijibu hapana, usidhani kwamba maswali hayo ni bandia. Ina maana tu kwamba yamekuja pamoja na huzuni, na huzuni haijibiwi saa nane za usiku kwenye simu na watu wanaobishana ili mmoja amshinde mwenzake. Na yawezekana kwamba kinachouma zaidi si Mungu wala Marko, ni lile daftari. Kuwakasirikia watu waliokusaidia sana ni jambo gumu, kwa sababu mtu hujiona mwizi wa fadhila, na hasira ikikosa pa kwenda wakati mwingine humwendea Mungu.

Hayo uliyoyasoma ni kweli, na nasikitika kwamba uliyapata peke yako. Marko anawataja Mariamu Magdalene, Mariamu mama yake Yakobo, na Salome. Mathayo anawataja Mariamu wawili. Luka anamwongeza Yoana. Yohana anamtaja Mariamu Magdalene tu. Na nakala mbili za kale za Kigiriki ziitwazo Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, zinaimaliza Injili ya Marko kwenye mstari wa 8 wa sura ya 16, pale wanawake wanapokimbia kwa hofu wasimwambie mtu neno. Haya si siri iliyofichuliwa juzi mtandaoni. Wachungaji wetu huyasoma vyuoni, Makumira na kwingineko, na wataalamu wameyajadili kwa vizazi vingi. Kwa nini hayashuki hadi madarasa ya kipaimara, hilo ni swali ambalo wachungaji wanapaswa kuulizwa, na ningefurahi wewe uwe mmoja wa watakaowauliza. Wapo wanaosema tofauti hizo ndizo zinazotarajiwa kwa mashahidi mbalimbali ambao hawakukaa kikao kupanga maneno, na wanaonesha kwamba Paulo katika 1 Wakorintho 15, waraka wa yapata mwaka 55 na wa mapema kuliko Injili zote nne, tayari anaisimulia habari ya ufufuo kama kitu alichokipokea kwa waliomtangulia. Wapo wanaosema tofauti hizo zinaonesha habari iliyokuwa ikikua kadiri ilivyosimuliwa. Watu wasomi na waaminifu wako pande zote mbili. Sitajifanya kukumalizia mjadala huo kwa aya moja, na nakusihi umwogope kidogo mtu yeyote, wa kanisani au wa mtandaoni, atakayekuambia kwamba yeye anaweza.

Umesema unajiona tapeli. Ninaelewa kwa nini, lakini sina hakika kama neno hilo linakufaa. Wanafiki wanaokemewa katika Injili ni watu waliojionesha ili wasifiwe, wakati wewe unajificha ili usiumize. Mathayo anaandika kwamba pale mlimani Galilaya wanafunzi walipomwona Yesu walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka," na agizo la kwenda kufundisha mataifa yote wakapewa wote. Haisemwi kwamba wenye shaka walitolewa pembeni kwanza. Yohana Mbatizaji naye, aliyekuwa amemtambulisha Yesu mbele ya umati, akiwa gerezani alituma watu waulize, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu hakumkemea, wajumbe walipoondoka alimsifu mbele ya makutano. Lakini tuseme na upande wa pili: Yohana hakufunguliwa. Alikatwa kichwa. Anayekutumia habari ya Yohana kukuahidi kwamba ukiuliza vizuri mlango utafunguka, mwambie asome Mathayo hadi sura ya 14. Na kwa wengine giza halipiti haraka. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizotolewa hadharani mwaka 2007, zinaonesha kwamba kwa miongo mingi, akiwa anawahudumia maskini, hakuhisi uwepo wa Mungu. Simtaji ili nawe uvumilie miongo. Namtaja ili usijione wewe ndiye wa kwanza kuchezesha midomo.

Tuje kwenye kufundisha. Ukiendelea kama ilivyo sasa, hatari ni kwamba kila Jumapili itakuongezea uchungu, na watoto, ambao huona zaidi ya tunavyodhani, watajifunza kwamba kuna maswali ambayo mwalimu huyazima kwa wimbo. Ukiacha ghafla, watu wataongea, mume wako ataulizwa na wazee wenzake, nawe utakuwa umejinyima kazi uliyoipenda na pengine mahali pekee ambapo mtu alikuuliza swali la kweli. Katikati ipo njia ya kuomba mapumziko. Kumwambia mratibu wenu kwamba tangu msiba hujawa sawa na unahitaji miezi michache si uongo, na hakukulazimishi kueleza zaidi. Ila nayo ina hatari yake, maana mapumziko yasiyo na mtu wa kuzungumza naye hugeuka kuwa kutoweka kimyakimya. Ipo pia njia ya kubaki na kufundisha kwa namna nyingine, kwa kusimulia habari ilivyoandikwa, na mtoto akiuliza usilolijua useme hujui. Yule binti, kwa mfano, ana jibu lake: Biblia haisimulii kifo cha pili cha Lazaro, lakini Yohana 12:10 inasema wakuu wa makuhani walifanya shauri la kumwua naye, kwa hiyo mwandishi mwenyewe alijua kwamba aliyefufuliwa pale anaweza kufa tena. Ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa na watu wazima. Ni wewe tu unayeweza kupima kama kusema "sijui" mbele ya watoto kutakupa nafuu au kutakuongezea mzigo.

Ibada ya Desemba ndiyo yenye tarehe, kwa hiyo ndiyo inayohitaji uamuzi wa mapema. Mama yako amekupangia ushuhuda kwa sababu, nadhani, yeye naye ameondokewa na mtoto na anatafuta mtu wa kumsaidia kusema kwamba kifo kile kilikuwa na maana. Ukikataa katakata ataumia. Ukisimama ukasema usiyoyaamini utaumia wewe, na nadhani utaikumbuka siku hiyo kwa uchungu. Lakini shukrani na maombolezo si maadui. Mwaka 1542, Martin Luther alipofiwa na binti yake Magdalena mwenye miaka 13, alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru kwa furaha kwa ajili ya mwisho mwema wa mtoto wao, ila hawakuweza kufanya hivyo bila kulia na kuugua moyoni. Kama mwanzilishi wa kanisa lenu aliweza kuandika hivyo, sidhani kama mtu yeyote Bumbuli ana haki ya kukudai furaha zaidi ya hapo. Unaweza kumwomba mama akuruhusu usome badala ya kushuhudia, na ukachagua Zaburi ya 13, inayoanza kwa "Ee Bwana, hata lini?" Unaweza kusimulia maisha ya mdogo wako tu, namna alivyokuwa, na kuwashukuru kwa majina wale waliomsindikiza hospitali alfajiri, hayo ni ya kweli na unayaamini. Unaweza pia kusema kwamba huna nguvu, kazi hiyo apewe mwingine. Vyovyote utakavyochagua, mwambie mama mapema, uso kwa uso kama utaweza kusafiri au hata kwa simu, asije akajua siku yenyewe.

Mchungaji wako hukumtaja hata mara moja katika barua yako, na hilo nimeliona. Inawezekana hamna ukaribu. Inawezekana unahofia maneno yako yafike kwenye baraza la wazee, ambamo mume wako yumo. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Ukiamua kumwendea mchungaji, wenu au wa usharika mwingine ambako hujulikani, na katika jiji hili sharika hazikosi, mwulize kwanza kabla hujafungua moyo kama atayatunza, na mwambie unataka kusikilizwa kabla ya kuombewa. Wapo wachungaji waliowahi kupita njia hii wenyewe. Wapo pia watakaokukimbilia kwa mstari mmoja wa Biblia na kukufungia mlango kwa heshima. Ukimpata wa namna hiyo, si lazima kila mchungaji awe hivyo.

Kukosa usingizi kunanitia wasiwasi kwa sababu nyingine. Kama kunaendelea usiku baada ya usiku, kama chakula hakipiti, kama hakuna kinachokupa raha hata watoto wako, au kama umewahi kutamani usiamke, tafadhali nenda hospitali uonane na daktari au mtaalamu wa afya ya akili, na hilo la mwisho usilisubirishe hata siku moja. Sonona inaweza kujivika sura ya kupotea kwa imani, na kupotea kwa imani kunaweza kuambatana na sonona. Kutibu kimoja hakuna maana kwamba kingine kilikuwa uongo.

Kuna njia nyingine ambayo hukuiuliza, lakini siwezi kusema kwamba haipo. Watu wengine, baada ya kutafuta kwa uaminifu, huhamia kanisa jingine. Wengine huacha kuamini. Wengine hukaa miaka mingi kwenye benchi la nyuma bila kujua wako upande gani. Wengine hurudi na imani iliyopungua maneno. Siwezi kukuambia wewe utaishia wapi, na sitaki kukusukuma. Ninachokiona ni kwamba kwa mtu wa Tabata mwenye mume mzee wa kanisa, kuondoka si suala la mawazo tu. Jumuiya ndiyo inayokuja kwako msibani, ndiyo inayochanga, na watoto wako wana marafiki huko na kipaimara mbele yao. Hasara hiyo isikufanye mfungwa, ila uipime ukiwa umelala vizuri, usiipime ukiwa na hasira ya daftari.

Limebaki la mume wako. Una hakika kwamba utamwaibisha, na huenda ni kweli. Huenda atashtuka, ataona cheo chake kimeguswa, atataka kuita watu wa kuomba ndani ya nyumba ile ile ambamo maombi yalikuumiza. Hatari hiyo ipo, na wewe unamjua, mimi simjui. Lakini naona kwamba umeniandikia habari za kiwanja cha Chanika alichokiuza kwa ajili ya shemeji yake, na hukuniandikia neno hata moja juu ya yeye mwenyewe anavyokiona kifo kile, wala alikuwa upande gani siku ile sebuleni. Je, umewahi kumwuliza? Inawezekana kwamba nyumbani kwenu wapo watu wawili wanaofichana kitu kile kile. Inawezekana pia kwamba yeye ana amani kabisa na hatakuelewa. Kama utaamua kujua, usianze na ufufuo wala Injili ya Marko. Anza na siku ile ya maombi, na namna ulivyojisikia ulipomaliza kuuliza swali lako. Chagua wakati ambao watoto wamelala na hakuna mgeni, na kabla hujaanza mwambie unachohitaji kutoka kwake: asikujibu, asimpigie mchungaji, na asipige magoti, hadi utakapomaliza kusema.